Mkato, Nukta au Nukta Mkato? Namna ya Kuunganisha Vishazi katika Sentensi za Kiingereza

Maswali ni yale yale kila siku. Mkato unakaa kabla ya "and" au baada yake? "Because" itanguliwe na mkato? Nukta mkato ina kazi gani hasa? Kwa nini mwalimu ameuzungushia mkato wangu wino mwekundu ilhali sentensi inasomeka vizuri? Mara nyingi anayeuliza ana msamiati wa kutosha na nyakati za vitenzi anazimudu. Kinachomwangusha ni pale vishazi viwili (vipande vya sentensi, kila kimoja na kitenzi chake) vinapokutana, na mwongozo huu unashughulikia makutano hayo tu.

Kwanza acha kuweka alama kwa kufuata pumzi. Wengi tulifundishwa kwamba mkato ni mahali pa kupumua, na kwa anayesoma kwa sauti ushauri huo unafaa. Kwa anayeandika Kiingereza unapotosha. Kiingereza kinatazama kilichosimama kila upande wa alama: ni kishazi kinachojitegemea au ni kipande kinachomtegemea mwenzake? Ukishajibu swali hilo, alama za kuchagua hubaki mbili au tatu tu.

Kiswahili kinatuzoesha vingine. "Tulifika kituoni, basi limeshaondoka" inapita bila tatizo, na "Alifungua barua, akaisoma" ni safi kabisa kwa sababu -ka- imeshafanya kazi ya kuunganisha. Kiingereza hakina -ka-. Ukiandika "We reached the station, the bus had already left", umevibandika vishazi viwili huru kwa mkato peke yake, na mkato wa Kiingereza hauna nguvu hiyo. Hili ndilo kosa linalosahihishwa kuliko yote katika insha za wanaojifunza.

UTAKACHOHITAJI

Aya moja ya Kiingereza uliyoiandika mwenyewe, ya sentensi sita hadi kumi. Usichukue ya kitabuni. Ya kitabuni imeshasafishwa na mhariri na haitakuonyesha makosa yako.

Kalamu za rangi mbili, au kompyuta unayoweza kupigia mistari na kukoza maandishi.

Makundi matatu ya maneno, uyanakili kwenye karatasi na uyaweke karibu:

Kundi A: for, and, nor, but, or, yet, so. Ni saba tu. Herufi zake za mwanzo zinaunda FANBOYS, na ndivyo wanafunzi wengi wanavyoyakumbuka.

Kundi B: because, although, though, if, unless, when, while, whereas, since, before, after, until, so that.

Kundi C: however, therefore, moreover, nevertheless, consequently, otherwise, meanwhile, instead, then.

Kundi C lisomwe mara mbili. Maneno yake yana sura ya viunganishi na maana yake inakaribia sana ile ya kundi A, lakini kisarufi ni vielezi. Hayaunganishi chochote. "But" na "however" zote unaweza kuzitafsiri "lakini", ila alama zake hazifanani hata kidogo.

HATUA YA 1: Tafuta vitenzi na viima vyake

Piga mstari chini ya kila kitenzi kilichobeba wakati, kisha mstari mwingine chini ya kiima chake. Umbo la -ing likiwa peke yake halihesabiwi, wala kitenzi kilichotanguliwa na "to". "Walking home from work" haina kitenzi kamili. "She was walking home from work" inacho.

Angalia kama kila kitenzi kina kiima chake. Kwetu kiima kimeingia ndani ya kitenzi (a-lisoma, tu-lifika), hivyo kila kitenzi kinaweza kusimama kama sentensi. Kwa Kiingereza kiima lazima kionekane, isipokuwa katika amri kama "Close the door". Kwa hiyo:

"She opened the letter and read it."

Hapa kuna vitenzi viwili lakini kiima ni kimoja. Ni kishazi kimoja, na mkato kabla ya "and" hauhitajiki.

"She opened the letter, and her brother read it."

Sasa kila kitenzi kina kiima chake. Vishazi ni viwili, na mkato una sababu ya kuwepo.

HATUA YA 2: Pima kipi kinajitegemea

Chukua kila kishazi, kitangulize na maneno "It is true that", kisha usome. Kikitulia, ni kishazi huru. Kikibaki kinaning'inia, ni tegemezi.

"It is true that the bus had already left." Imetulia. Ni huru.
"It is true that because the road was closed…" Inaning'inia. Ni tegemezi.

Ukikuta neno la kundi A au C mwanzoni mwa kishazi, litoe kwanza ndipo upime. Kipimo hiki hakifai kwa maswali wala amri, lakini kwa sentensi nyingine kinatosha.

Tahadhari: viwakilishi vinadanganya. Tazama "The box would not move, it was too heavy." Mwanafunzi anaona "it" inarejelea sanduku, anahisi kwamba kishazi cha pili hakiwezi kuishi bila cha kwanza, basi anaweka mkato. Kimaana kweli kinategemea. Kisarufi kinajitosheleza, maana "It is true that it was too heavy" imetulia. Vivyo hivyo kishazi kinachoanza na "this", "they" au "he". Ukikuta moja ya maneno haya mara tu baada ya mkato, simama upime upya. Mikato mibovu mingi inajificha hapo.

HATUA YA 3: Zungushia neno la kwenye kiungo

Pale vishazi viwili vinapokutana, tafuta neno la kuunganisha. Lizungushie duara, litafute kwenye karatasi yako, kisha uandike juu yake A, B au C. Kama hakuna neno, andika sifuri. Usibadilishe alama yoyote bado.

HATUA YA 4: Weka alama kwa kufuata kundi

Kundi A. Vishazi huru viwili vinaunganishwa kwa mkato pamoja na neno la kundi A, na mkato unakaa kabla ya neno.

Si sahihi: "We waited but, the doctor did not come."
Sahihi: "We waited, but the doctor did not come."

Vishazi vikiwa vifupi sana, hasa vikiunganishwa na "and" au "or", mkato unaweza kuachwa: "He sang and she danced." Ni ruhusa tu. Kama bado unajifunza, uweke, hakuna atakayekukosoa.

"So" inataka uangalifu. Ikileta matokeo iko kundi A na inatanguliwa na mkato: "I left early, so I caught the train." Ikileta lengo, ni "so that", hata kama "that" haikuandikwa, na hapo mkato hauwekwi: "I left early so I could catch the train." Jaribu kupachika "that" baada ya "so". Ikikubali bila kubadilisha maana, ondoa mkato.

Na ndiyo, sentensi inaweza kuanza na "And" au "But". Usiweke mkato baada yake tu.

Kundi B. Hapa kinachoamua ni mpangilio. Kishazi tegemezi kikitangulia, mkato unakifunga. Kikija nyuma, kwa kawaida hakuna mkato.

"Because the road was closed, we came back."
"We came back because the road was closed."

Maneno ya kukinzanisha huenda kinyume na kawaida hiyo: "although", "though", "whereas", na "while" inapomaanisha "ilhali". Haya hutanguliwa na mkato hata kishazi chake kikija mwishoni: "She passed the exam, although she had been ill."

Sasa tuchelewe kidogo kwenye "because" inayofuata kishazi kikanushi, kwa sababu hapa mkato mmoja unageuza habari nzima:

"He did not resign because he was ill."

Je, alijiuzulu au hakujiuzulu? Sentensi hii inaweza kusomwa kwamba alijiuzulu, ila sababu haikuwa ugonjwa. Inaweza pia kusomwa kwamba hakujiuzulu, na ugonjwa ndio uliomzuia. Ukiweka mkato, "He did not resign, because he was ill", unabaki na maana hii ya pili peke yake. Bila mkato msomaji anakisia. Kwenye barua ya kikazi usimwachie msomaji kazi hiyo, kama unataka maana ya kwanza, iandike upya: "He resigned, but not because he was ill."

Makosa mengine mawili ya kundi B yanatoka moja kwa moja katika mazoea ya lugha yetu. La kwanza ni kuoanisha: "Although he was tired, but he continued." Masikio yetu yanakubali "Ingawa alichoka, lakini aliendelea". Kiingereza kinataka neno moja tu la kuunganisha kati ya vishazi viwili. Futa "but", au futa "although". Ni hivyo hivyo kwa "because" na "so" ndani ya sentensi moja. La pili ni kukifungia kishazi tegemezi peke yake kwa nukta: "We came back. Because the road was closed." Katika mazungumzo ya simu hakuna atakayelalamika, lakini katika insha au barua ya maombi ya kazi ni kipande kilichokatika. Kirudishe kwa mwenzake.

Kundi C. Kabla ya neno weka nukta au nukta mkato. Baada yake weka mkato.

Si sahihi: "We arrived early, however the bus had already left."
Sahihi: "We arrived early; however, the bus had already left."
Sahihi: "We arrived early. However, the bus had already left."

Ukiwa na shaka kama neno ni la kundi C, jaribu kulihamisha. Kielezi kinahama ndani ya kishazi chake: "The bus, however, had already left", au hata "The bus had already left, however." Ukijaribu "The bus, but, had already left", sentensi inakataa papo hapo. Kinachohama hakiunganishi, na kisichounganisha kinahitaji alama nzito mbele yake.

"Then" huwatega wengi kwa kuwa ni fupi kama "and". "I finished the report, then I sent it" utaiona imechapishwa sehemu nyingi, lakini msahihishaji mkali ataikata. Andika "and then" na tatizo linaisha. "Then" yenyewe kwa kawaida haifuatwi na mkato.

Kuna "however" nyingine, yenye maana ya "hata kama… kiasi gani": "However hard he tried, he could not open it." Hiyo inafanya kazi kama kundi B.

HATUA YA 5: Kama hakuna neno, chagua alama yenye nguvu

Palipo na sifuri na pande zote mbili ni huru, ondoa mkato. Una njia nne.

Nukta. Haina hatari na haina aibu. Sentensi mbili fupi zilizo sahihi zinapendeza kuliko moja ndefu iliyopinda.

Nukta mkato (;). Itumie pale vishazi viwili huru vina uhusiano wa karibu kiasi kwamba nukta ingevitenga mno. "We reached the station; the bus had already left." Baada yake tumia herufi ndogo, isipokuwa neno ni jina la pekee au "I". Alama hii ilianza kuchapwa mjini Venice mwishoni mwa karne ya 15 katika kiwanda cha Aldus Manutius, na tangu hapo waandishi wamegawanyika, wako wanaoipenda na wako wanaoikwepa. Mimi nashauri ujifunze kuitumia. Masharti yake yanaeleweka kuliko ya mkato: kati ya vishazi viwili, kila upande lazima uweze kusimama peke yake. Kwa hiyo "Because the road was closed; we came back" ni kosa, kwani upande wa kushoto hausimami.

Nukta mbili (:). Upande wa kushoto uwe kishazi huru, na wa kulia ueleze au utoe sababu ya kilichotangulia. "The box would not move: it was too heavy." Msomaji akimaliza upande wa kushoto akiwa na "kwa nini?" au "nini hicho?", na upande wa kulia ukamjibu, hiyo ndiyo alama yake. Kuhusu herufi ya kwanza baada yake, Waingereza kwa kawaida huandika ndogo. Marekani kuna tofauti kati ya miongozo. Ule wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani) huweka herufi kubwa kinachofuata kikiwa sentensi kamili. Uliza taasisi unayoiandikia inafuata upi.

Kistari kirefu. Kinaunganisha kwa mshtuko kidogo na kinafaa zaidi katika maandishi yasiyo rasmi. Wachapishaji wengi wa Uingereza huacha nafasi pande zote mbili, wale wa Marekani kwa kawaida hawaachi. Usikiweke kila mahali kwa sababu tu hujaamua ni alama gani inatakiwa.

HATUA YA 6: Kagua "who", "which" na "that"

Kishazi cha "who" au "which" kikiongeza taarifa ambayo ungeweza kuitoa bila kupoteza unayemzungumzia, kizungushie mikato miwili. Kikitaja ni yupi kati ya wengi, usiweke hata mmoja.

"My brother, who lives in London, called me." Ndugu ni mmoja, na anaishi London.
"My brother who lives in London called me." Wako ndugu zaidi ya mmoja, na aliyepiga ni wa London.

Mkato mmoja peke yake hapa ni kosa: ni miwili au hakuna. Kishazi cha "that" cha kubainisha hakizungushiwi mikato. Na usiweke mkato baada ya "said that": ni "He said that he was tired."

Zingatia pia sentensi kama "She wrote three letters, two of them were lost." "Them" inakifanya kishazi cha pili kuwa huru, na mkato umezidiwa. Badilisha neno moja tu: "She wrote three letters, two of which were lost." Sasa mkato unatosha.

HATUA YA 7: Soma kuanzia mwisho

Rudia aya yako kwa kuanza na sentensi ya mwisho, kisha iliyoitangulia, mpaka ya kwanza. Ukisoma kwa mtiririko wa kawaida, habari inakubeba na jicho linaruka alama. Ukirudi kinyumenyume kila sentensi inabaki uchi, na kiungo kibovu kinaonekana.

Jaribu kwanza hapa, kabla ya kusoma masahihisho:

"I wanted to apply for the course, the deadline was on Friday. Although my documents were ready but the website was not working. I called the office, however nobody answered, I decided to go there in person. When I arrived. The clerk took my forms, and stamped them."

Iliyosahihishwa:

"I wanted to apply for the course, and the deadline was on Friday. Although my documents were ready, the website was not working. I called the office. However, nobody answered, so I decided to go there in person. When I arrived, the clerk took my forms and stamped them."

Sentensi ya kwanza ingeweza pia kuchukua nukta mkato. Katika ya tatu palikuwa na viungo viwili vibovu: "however" ilikosa alama nzito mbele yake, na "I decided" haikuwa na neno wala alama ya kuibeba. Katika ya mwisho, "stamped" haina kiima chake, ndiyo maana mkato wa kabla ya "and" umeondoka.

UKIKWAMA

Programu ya kompyuta haikupiga mstari, lakini mwalimu amekata. Mwamini mwalimu, kisha upime kwa Hatua ya 2. Programu hizi zinapitwa na mikato mibovu mingi, na wakati mwingine hupendekeza mkato pasipohitajika.

Sentensi ina vishazi vinne na kila alama inaonekana mbaya. Tatizo si alama. Ikate mara mbili. Kwa anayeanza, vishazi huru viwili ndani ya sentensi moja vinatosha.

"I came, I saw, I conquered" mbona ina mikato mitupu? Ni tafsiri ya maneno ya Julius Caesar, na inakubalika kwa sababu vishazi ni vitatu, vifupi mno, na vina umbo moja. Kishazi kimoja kikirefuka, ruhusa hiyo inaondoka.

Umeona riwaya za Kiingereza zikiunganisha vishazi huru kwa mkato. Ni kweli zipo, hasa katika mazungumzo ya wahusika. Mwandishi wa riwaya anatafuta sauti ya mtu. Msahihishaji wa mtihani atahesabu kosa.

Hujui kama "while" ni ya wakati au ya kukinzanisha. Weka "whereas" mahali pake. Ikikaa vizuri ni ya kukinzanisha, basi tanguliza mkato. Ikikataa ni ya wakati, na mkato hauna kazi kama kishazi chake kiko mwishoni.

Kishazi tegemezi kimeingia katikati, mara tu baada ya "that". Kizungushie mikato miwili: "She told me that, if it rained, the match would be cancelled." Kisha kifunike kwa kidole usome kilichobaki. "She told me that the match would be cancelled" imesimama, kwa hiyo mikato yako iko mahali pake.